Divisheni ya 352 pale Omaha: walikuwa makomando au makuruta?

Msomaji mmoja wa Dodoma ameuliza hivi, nafupisha kidogo: "Mtaalamu, kila nikisoma habari za Normandy nakuta watu wanabishana. Wengine wanasema Wajerumani waliokuwa ufukwe wa Omaha walikuwa wazee na wagonjwa, wengine wanasema ilikuwa divisheni ya 352, majeshi ya kazi yaliyotoka kupigana Urusi. Ukweli ni upi? Na mbona tunaambiwa 352 ilifutika Julai 1944 halafu Desemba naiona tena inapigana Luxembourg?"

Ndugu yangu hili swali nimelipenda, manake ukilijibu vizuri unaelewa jeshi zima la Ujerumani lilikuwa kwenye hali gani mwaka 1944. Nitajibu kirefu kidogo, nivumilie. Kwa asiyejua, Omaha ni jina la siri la ufukwe mmoja wa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, ambako Wamarekani walishuka kutoka baharini tarehe 6 Juni 1944 kuwapiga Wajerumani.

Jibu la haraka: si wazee na si makomando. Wengi walikuwa vijana wadogo, wa kuzaliwa 1925 na 1926, yani miaka 17 mpaka 19, wakiongozwa na watu wachache sana waliowahi kuona vita. Divisheni ilianza kuundwa Novemba 1943 hukohuko Normandy, maeneo ya mji wa Saint-Lô. Haikuja kutoka Urusi ikiwa kamili, hapana. Kilichotoka Urusi ni mabaki tu, maofisa na masajenti walionusurika kwenye divisheni ya 321 na vikosi vingine vilivyosagwa na Jeshi Jekundu mwaka ule, wakaletwa Ufaransa kuwa uti wa mgongo wa kikosi kipya, halafu nafasi zote zilizobaki zikajazwa makuruta. Kwa hiyo anayesema "veterani wa Urusi" ameshika ukweli nusu, na anayesema "watoto" naye kashika nusu yake.

Kamanda alikuwa Jenerali Dietrich Kraiss, mtu wa 1889, kapigana vita ya kwanza ya dunia akiwa kijana, kaongoza divisheni kule Urusi, mwanajeshi anayejua kazi. Chini yake alikuwepo ofisa wa operesheni anaitwa Luteni Kanali Fritz Ziegelmann, na huyu ndo wa kumshukuru sisi tunaosoma haya mambo, kwa sababu baada ya vita, akiwa mikononi mwa Wamarekani, aliandika maelezo marefu ya kilichotokea, na kumbukumbu za simu za makao makuu ya divisheni za siku ile ya tarehe 6 Juni nazo zilibaki. Ni mara chache sana kikosi kilichoshindwa kinakuachia rekodi ya namna hiyo, saa kwa saa, nani kapiga simu, kasema nini, kajibiwa nini.

Maelezo ya Ziegelmann yanaumiza. Anasema nusu ya maofisa hawakuwa na uzoefu wa vita. Masajenti walipungua. Vijana wengi afya zao hazikuwa nzuri kwa sababu ya uhaba wa chakula huko Ujerumani. Na hebu sikiliza hili, mpaka mwezi wa tatu 1944 kila askari alikuwa amerusha mabomu ya mkono mawili tu na kwenda shabaha mara tatu tu, basi. Madereva hawakuweza kufundishwa kuendesha mpaka mwezi wa tano kwa sababu petroli haikuwepo. Sasa kuruta ambaye angetakiwa awe anajifunza kupigana, muda mwingi wa siku alikuwa anachimba mahandaki, anabeba magogo kwenda kuyasimika ufukweni, anafunga mabomu kwenye magogo, kwa sababu Rommel, mkuu wa Wajerumani aliyesimamia ulinzi wa pwani ile, alishaamuru ufukwe mzima ujazwe vizuizi.

Idadi yao ilikuwa kama 12,000 na ushee, rejimenti tatu za miguu, 914, 915 na 916, kila moja batalioni mbili, pamoja na mizinga, mainjinia na kikosi cha kupambana na vifaru. Ndani ya hao walikuwemo pia watu wa Umoja wa Kisovieti zaidi ya elfu moja, waliokuwa wanaitwa Hiwi, wasaidizi wa kazi, wengi wao waliwahi kuwa mateka. Hapa naomba tusipite haraka. Zaidi ya mateka milioni 3 wa Kisovieti walikufa mikononi mwa Wajerumani, kwa njaa, baridi na risasi, kwa hiyo ukisikia mtu "alijitolea" kuchunga farasi wa jeshi la Hitler, jiulize alikuwa amewekewa chaguo gani mezani. Watu wanaopenda hii historia kwa ajili ya bunduki na magwanda wanapenda kulifumbia macho hili, mimi siwezi.

Sasa Omaha. Kuna hadithi inazunguka sana kwamba 352 ilikuwepo pale kwa bahati mbaya, eti ilikuwa kwenye mazoezi siku hiyo. Si kweli. Ilisogezwa pwani katikati ya Machi 1944, karibu miezi mitatu kabla. Kabla ya hapo eneo lilikuwa la divisheni ya 716, ambayo hiyo kweli ilikuwa ya kulinda tu, haina usafiri, ina watu wenye umri mkubwa, na nadhani ndo kule hadithi ya "wazee na wagonjwa" ilikoanzia. Kilichotokea ni kwamba ujasusi wa Marekani na Uingereza haukuuona huo uhamisho kwa wakati, wakaendelea kuamini 352 iko ndani huko Saint-Lô, na wale vijana wa Marekani wakashushwa kwenye boti wakijua wanaenda kukutana na 716 peke yake. Kumbe kwenye vituo vile watu wa 716, rejimenti ya 726, walikuwa wamechanganywa na watu wa rejimenti ya 916 ya Kanali Ernst Goth.

Lakini hata hivyo nasisitiza, usifikiri divisheni nzima ilikuwa imejipanga pale mchangani. Eneo alilopewa Kraiss lilikuwa na urefu wa kilomita 53, na Omaha yote ni kama kilomita 8 tu ndani ya hizo. Askari wake wengi wa miguu aliwaweka nyuma, pwani kabisa wakawa wachache. Rommel alikuwa anataka watu wote wawe mbele kwenye maji kabisa, Kraiss akawa na mawazo ya zamani ya kuweka akiba nyuma halafu apige kwa nguvu adui akishaingia. Wanahistoria wengi wamemlaumu kwa hilo na mimi naona wana haki, kwa sababu siku yenyewe ilipofika, ile akiba ilienda kila mahali isipokuwa ilipohitajika.

Hebu tazama. Usiku wa kuamkia tarehe 6 askari wa miavuli wa Marekani wanaanza kushuka upande wa magharibi, na ndege nyingine zinadondosha madoli yenye miavuli ili kuwachanganya Wajerumani. Jenerali Erich Marcks, mkuu wa kikosi kikubwa cha 84 ambacho 352 ilikuwa chini yake, anaona hatari iko huko magharibi, kwenye pengo la mji wa Carentan, kwa hiyo saa tisa na dakika kama kumi usiku rejimenti ya 915 ya Luteni Kanali Karl Meyer, ambayo ndo ilikuwa akiba, inaamriwa kwenda magharibi. Wanaondoka, wengine kwa miguu, wengine baisikeli, wengine kwenye malori ya Wafaransa ambayo yanaharibika njiani. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi wanaambiwa simameni. Baadaye batalioni moja inaambiwa nenda Omaha, upande wa Colleville, na waliobaki wanaambiwa geukeni, nendeni mashariki kabisa kwa Waingereza waliokuwa wanashuka ufukwe wa Gold. Yani watu wametembea usiku kucha kwenda upande mmoja, halafu mchana wanarudi njia ileile na kupitiliza, juu vichwani ndege za adui zinawawinda. Walipofika maeneo ya Bazenville jioni wakakutana na Waingereza uso kwa uso, Meyer akauawa, na ile akiba ikaishia hapo, karibu na Omaha hata haikufika isipokuwa ile batalioni moja.

Kwa hiyo kama waliokuwa ufukweni walikuwa wachache na wengi wao makuruta, kwa nini Omaha iligeuka machinjio? Jibu ni ardhi yenyewe. Ufukwe umepinda kama mwezi mchanga, nyuma yake kuna kilima chenye kimo cha mita 30 mpaka 50 kinachotazama mchanga wote, na njia za kupandisha magari kwenda juu ni tano tu, vibonde vitano. Kila kibonde kiliwekewa vituo vya zege vyenye mizinga na bunduki za rashasha, na mizinga mingi haikuelekezwa baharini, ilielekezwa pembeni kando ya ufukwe, imekingwa na ukuta mnene wa zege upande wa maji, kwa hiyo meli haziioni na haziwezi kuipiga, lakini yenyewe inafagia mchanga kutoka ubavuni. Wamarekani walishuka saa kumi na mbili na nusu asubuhi maji yakiwa yamekupwa, ili boti zivione vile vizuizi, na watu wa Pwani wanajua maji yakikupwa kwenye ufukwe tambarare inakuwaje, una mamia ya mita za mchanga mtupu wa kutembea mpaka ufike pa kujificha, na hawa wamelowa, wamebeba mizigo mizito, na wametapika boti nzima.

Na mipango ya kuwasaidia ikafeli karibu yote. Ndege za B-24 zaidi ya 300 zilikuja lakini mawingu yalikuwa mazito, marubani wakaogopa kupiga boti zao wenyewe, wakachelewesha kuachia mabomu kidogo, na kidogo hiyo ikatosha kuyapeleka mashambani, vituo vya Wajerumani havikuguswa. Vile vifaru vya kuogelea, batalioni moja ilishusha 29 mbali na pwani kwenye mawimbi, 27 vikazama. Kombania A ya rejimenti ya 116, divisheni ya 29 ya Marekani, ilishuka mbele ya kibonde cha Vierville na ndani ya muda mfupi sana ikawa haipo tena kama kombania. Mji mdogo wa Bedford kule Virginia, walikotoka vijana wengi wa kombania hiyo, ulipoteza vijana karibu 20 siku hiyo moja.

Kuna jina utalikuta kila mahali, Heinrich Severloh, koplo wa miaka 20 kwenye kituo namba 62 karibu na Colleville. Huyu kwanza hakuwa askari wa miguu, alikuwa mtu wa kikosi cha mizinga cha 352, amekuja pale kumsaidia ofisa wake, Luteni Bernhard Frerking, aliyekuwa anaelekeza mizinga kwa simu. Akashika rashasha ya MG 42, inayotema kama risasi 1,200 kwa dakika, akapiga kuanzia asubuhi mpaka mchana, mwenyewe alisema ni zaidi ya risasi 12,000. Uzeeni alidai alipiga watu zaidi ya elfu moja, hata elfu mbili. Mimi siikubali hiyo hesabu na wengi hawaikubali, kwa sababu hasara yote ya Wamarekani pale Omaha siku hiyo, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, kwa makadirio mengi ilianzia 2,000 na kuendelea, na hiyo ni kazi ya vituo zaidi ya kumi, mizinga, makombora na mabomu ya ardhini. Lakini kwamba aliua wengi, na kwamba aliishi na jambo hilo maisha yake yote, hilo halina ubishi. Frerking aliuawa walipokuwa wanakimbia kituo.

Asubuhi ile ripoti zinazoingia makao makuu ya Kraiss zilikuwa nzuri mno. Mtu aliyekuwa kwenye kituo cha juu magharibi mwa ufukwe aliripoti kwamba adui amejibanza nyuma ya vizuizi, magari mengi yanawaka moto, vifaru kumi vikiwemo. Kraiss akaamini Omaha imeshadhibitiwa, kwa hiyo akaelekeza macho na watu upande wa Waingereza ambako kulikuwa kunavuja. Hapo ndo aliponaswa. Kwa sababu wakati huohuo vikundi vidogo vya Wamarekani viliacha vibonde, vikaanza kupanda kilima katikati ya vituo, sehemu ambayo Wajerumani walikuwa hawana watu, na majenerali kama Norman Cota walikuwa palepale mchangani wakiwasukuma watu kwa mdomo waondoke, huku meli za destroya zikisogea karibu kabisa na pwani, mpaka kama mita 900, zikipiga kituo kimoja baada ya kingine. Mizinga ya 352 nayo ikaanza kuishiwa makombora, na ya kuongeza hayafiki kwa sababu mchana barabara zote zilikuwa za ndege za adui. Ilipofika jioni Wamarekani walikuwa wameshaingia Vierville, Saint-Laurent na Colleville, na kwa siku ile moja watu kama 34,000 walikuwa wameshuka Omaha.

352 yenyewe ilipoteza kama watu 1,200 siku hiyo, 200 wamekufa, 500 majeruhi, 500 hawajulikani walipo. Ukilinganisha unaona ni "wachache", ila tofauti ni hii: Mmarekani akipoteza 1,000 asubuhi, jioni wanashuka wengine elfu kumi. Kraiss akipoteza 1,000 ndo basi. Kesho yake Ziegelmann alienda mwenyewe mpaka kile kituo cha juu kuangalia bahari, akaandika baadaye kwamba aliona meli zimejaa mpaka upeo wa macho kama gwaride la manowari kule Kiel, na kwamba alielewa kabisa kwa nini askari wa Kijerumani walilalamika hawazioni ndege za kwao. Siku hizohizo wakapata nyaraka za mipango ya mashambulizi ya Wamarekani, zilizokutwa kwenye boti na kwa ofisa aliyeuawa, sasa unao mpango mzima wa adui mkononi na huna petroli wala watu wa kufanya lolote. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Kraiss aliomba ruhusa kwa Marcks arudi nyuma ya mito, na Marcks mwenyewe akauawa na ndege tarehe 12.

Hapo watu wengi wanaacha kuisoma hii divisheni, wanaona imeshindwa imeisha. Kwangu mimi sehemu nzito ndo inaanza. Kuanzia katikati ya Juni mpaka Julai mabaki ya 352, wakichanganywa na kila aliyepatikana, walisimama mbele ya Saint-Lô pamoja na divisheni ya 3 ya miavuli, chini ya Jenerali Eugen Meindl, wakipigana na divisheni ileile ya 29 waliyokutana nayo Omaha. Eneo lile la Normandy ni mashamba madogomadogo, kila shamba limezungushiwa tuta la udongo refu kama mtu, juu yake miti na miiba iliyoshikana karne na karne, chukua ua wa michongoma kisha uuweke juu ya ukuta wa udongo ambao kifaru hakiwezi kuuangusha. Katikati ya tuta na tuta kuna vijia vilivyochimbika chini. Mjerumani anatoboa tundu kwenye tuta, anaweka rashasha pembeni mwa shamba, makombora ameshayapima yatue katikati ya shamba, anasubiri. Kuruta aliyerusha mabomu mawili tu mazoezini, akiishi wiki moja kwenye tuta kama lile anakuwa askari mbaya sana kukutana naye. Wamarekani walihesabu maendeleo yao kwa mashamba, leo tumechukua mawili, kesho hatujachukua hata moja.

Ila hesabu ileile ikawa inaendelea. Tarehe 15 Julai Rommel alimwandikia Hitler kwamba jeshi Normandy limepoteza watu 97,000 na waliofika kuziba mapengo ni 6,000 tu. Batalioni zikawa na watu wa kombania, kombania zikawa na watu wa kuhesabu kwa vidole. Saint-Lô ilichukuliwa tarehe 18 Julai, mji ukiwa karibu wote ni kifusi, kwanza kwa ndege za washirika tangu usiku wa tarehe 6 ambazo ziliua mamia ya raia wa Kifaransa, halafu kwa mizinga ya pande zote mbili. Wamarekani walibeba mwili wa Meja Thomas Howie, aliyeuawa siku moja kabla, wakauingiza mjini kwenye jipu na kuulaza kwenye kifusi cha kanisa la Sainte-Croix. Upande wa pili Kraiss alijeruhiwa tarehe 2 Agosti, akafa tarehe 6, miezi miwili kamili tangu Omaha. Divisheni ikawa imekwisha, kilichobaki ni jina na makarani.

Na sasa swali lako la Desemba. Wajerumani walikuwa na tabia ya kutunza namba. Septemba 1944, huko Flensburg kaskazini kabisa, waliunda kikosi kipya kabisa, watu wengi wametolewa jeshi la anga na la majini, mafundi wa ndege na mabaharia wasio na ndege wala meli, wakapewa bunduki na mafunzo ya haraka, wakaitwa divisheni ya 352 ya Volksgrenadier, jina walilopewa vikosi vipya vya miguu vya namna hiyo, chini ya Kanali Erich Schmidt. Wale wa Normandy karibu wote walikuwa wameshakufa, wametekwa au wako hospitali. Tarehe 16 Desemba hawa wapya walivuka mto Our kuingia Luxembourg kwenye lile shambulio kubwa la mwisho la Wajerumani upande wa magharibi, la Ardennes, wakasonga mpaka Diekirch na Ettelbruck kwa siku chache, halafu kuanzia tarehe 22 jeshi la Jenerali Patton wa Marekani likawakuta bado wako barabarani na kuwapiga vibaya.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni nani alikuwa mbele yao pale kwenye mto Our. Ilikuwa rejimenti ya 109 ya Marekani, na kamanda wake, aliyeipokea tarehe 8 Desemba tu, alikuwa James Rudder. Ni yuleyule aliyepanda na Rangers, makomando wa Marekani, majabali ya Pointe du Hoc, magharibi mwa Omaha, asubuhi ya tarehe 6 Juni, akajeruhiwa, akashikilia pale siku mbili huku rejimenti ya 914 ya divisheni ya 352 ikimshambulia usiku kucha. Miezi sita baadaye Rudder alikuwa bado Rudder, na mbele yake namba ni ileile 352, ila hakuna hata kikosi kimoja kati ya vile alivyopigana navyo kwenye jabali.